Njia ya Bizari Kupita Ugogo

Kila aingiaye katika soko la Dodoma, awe mwenyeji au mgeni, hukuta mahali palipopangwa unga wa namna nyingi: manjano yenye rangi ya kiini cha yai, pilipili nyekundu, mdalasini wa rangi ya udongo, giligilani, karafuu zilizosagwa, na bizari ya mchuzi, ambayo ni mchanganyiko wa vitu kadha wa kadha. Si mbali na hapo, juu ya gunia au ndani ya ungo, pana unga mwingine wa rangi ya majani makavu, ambao wageni wengi hawaujui. Huo ni ilende, yaani mlenda uliokaushwa na kutwangwa. Unga wa kwanza umetoka mbali, na mwingine katika huo umevuka bahari. Unga wa pili umetoka katika mashamba na mapori ya Ugogo yenyewe.

Katika makala haya twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi aina hizi mbili za unga zilivyokutana katika soko moja. Labda wengine watasema ya kuwa habari za bizari ni habari za jikoni, nazo hazistahili kuandikwa pamoja na habari za vita na za wafalme. Sisi twaona sivyo. Kitu kidogo kinunuliwacho kila siku hueleza vizuri jinsi nchi inavyoishi na jirani zake: nani auza, nani anunua, nani ashika njia, na nani alipa gharama ya njia hiyo.

Kwanza tuitazame nchi. Ugogo ni uwanda wa juu katikati ya Tanzania, nao mji wa Dodoma umeinuka zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, nazo kwa kawaida hazipiti milimeta 600 kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni kiangazi, mito hukauka, na watu huchimba visima katika mchanga wa makorongo. Katika nchi ya namna hii mtu hawezi kula majani mabichi mwaka mzima. Kwa hiyo wazee wa Ugogo walijifunza tangu zamani kuweka akiba ya kitoweo kwa jua lile lile linaloichoma nchi yao. Wakati wa masika wanawake huchuma majani ya mlenda, huyaanika hata yakakauka, huyatwanga kinuni, huyachekecha, kisha huyaweka katika kibuyu au chungu kilichofunikwa. Wakati wa kiangazi unga huo hutiwa katika maji yanayochemka pamoja na magadi kidogo, na mwenye karanga huzitwanga akaongeza, na kitoweo kimekuwa tayari kwa ugali wa mtama au wa uwele.

Si mlenda peke yake. Mbuyu, mti ujulikanao sana katika nchi hii, hutoa ubuyu, nao ni unga uliojikausha wenyewe ndani ya kaka lake, wenye uchachu unaofaa uji na kinywaji. Chumvi nayo ilipatikana hapa hapa, kwani katika mbuga za Bahi watu walikusanya udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji, wakayachemsha maji hayo hata ikabaki chumvi. Basi, tusidhani ya kuwa watu wa uwanda huu walikuwa hawajui kuunga chakula wala kukausha vitu mpaka wafanyabiashara walipowafundisha. Elimu hiyo walikuwa nayo. Kilichokuja kutoka nje ni ladha nyingine, na pamoja na ladha hiyo ilikuja bei yake.

Sasa tuzitazame bizari zenyewe. Majina yake yatosha kutueleza zilikotoka. Neno bizari latokana na Kiarabu, na kwa asili lahusu mbegu. Mdalasini umepata jina lake katika lugha ya Waajemi na Waarabu, nao waliuita mti wa China. Pilipili manga na kungumanga zimeitwa hivyo kwa kuwa Manga ni jina la kale la Uarabuni, na hasa nchi ya Oman. Lakini hapa msomaji na atazame sana. Pilipili manga haikuota Oman. Asili yake ni pwani ya Malabar, kusini mwa India. Kungumanga nayo asili yake ni visiwa vya Banda, mashariki ya mbali, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Watu wa pwani yetu waliziita kwa jina la aliyezileta, wala si kwa jina la aliyezipanda. Mkulima alikuwa mbali asionekane, na mchukuzi ndiye aliyejulikana. Pilipili nyekundu ilisafiri zaidi ya hizo, kwa kuwa asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio walioieneza katika bandari za bahari yetu baada ya Vasco da Gama kufika Malindi katika mwaka 1498.

Karafuu ina hadithi yake peke yake. Hapo kale iliota katika visiwa vya Maluku tu, navyo ni katika visiwa vya Indonesia pia. Waholanzi walipovitawala visiwa hivyo waliamuru mikarafuu ikatwe mahali pengi, wakaiacha katika sehemu chache walizoweza kuzilinda, ili bei isishuke. Lakini katika mwaka 1770 Wafaransa walifaulu kuitorosha miche na kuipeleka kisiwa cha Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Sayyid Said, aliyeufanya mji wa Zanzibar kuwa makao yake, aliwahimiza watu wake kuipanda, na mashamba yakaenea Unguja na Pemba kwa kazi ya watumwa. Katika Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuumia sana, na tangu hapo ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa katika mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulipokonywa nguvu ya sheria visiwani katika mwaka 1897. Karafuu ziliwapa visiwa hivyo fedha, lakini ardhi iliyopandwa mikarafuu haikupandwa mpunga, hata visiwa vikawa vyanunua mchele kutoka nchi za mbali. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia.

Je, bizari hizi zilizojaa Zanzibar zilifikaje Ugogo? Jibu ni kwamba kwa muda mrefu zilipita tu, wala hazikukaa. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji mazuri, ikaingia Ugogo, kisha ikavuka pori la Mgunda Mkali hata Tabora. Safari hiyo ilikuwa ndefu sana. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora, mwanzoni mwa Novemba, yaani zaidi ya miezi minne. Kila kitu kilichukuliwa na wapagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, ndiyo kilo 32 hivi.

Mfanyabiashara aliyehesabu mizigo yake kwa vichwa vya watu hakuchukua bure. Alichagua kile ambacho watu wa njiani wangekipokea: nguo za merikani zilizofumwa Marekani, kaniki za India, shanga, na nyaya za shaba. Bizari zilikuwamo, lakini katika visanduku vya wakubwa wa msafara na katika mizigo ya Waarabu waliokaa Tabora. Burton aliandika ya kuwa Waarabu hao waliishi kwa raha, nao waliletewa vitu vya anasa kutoka pwani. Pilau ya Tabora ilipata harufu kwa bizari zilizovuka Ugogo mgongoni mwa mpagazi, wala Mgogo hakuionja.

Lakini Mgogo hakuwa mnyonge katika biashara ile. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo twataka wasomaji walishike. Visima vilikuwa vyake, na nafaka ilikuwa yake. Msafara wenye mamia ya watu haukuweza kuvuka nchi kavu bila kunywa maji yake na kununua mtama wake. Kwa hiyo kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, nao ulilipwa kwa nguo, shanga na nyaya. Wasafiri wa Ulaya walilalamika sana juu ya hongo ya Ugogo katika vitabu vyao. Stanley, aliyepita katika mwaka 1871, alikuwa mmoja wao. Wao waliiona kuwa ni unyang'anyi. Mwenyeji aliiona kuwa ni haki ya mwenye kisima, kwani kundi kubwa la watu na wanyama likinywa katika mwezi wa Oktoba, nani ajuaye kama maji yatatosha mpaka mvua? Vyovyote tuamuavyo, jambo moja ni wazi: siku za misafara, njia ilimlipa Mgogo.

Mambo hayo yaligeuka katika muda wa miaka 20 hivi. Wajerumani walijenga boma Mpwapwa katika mwaka 1889, na katika miaka iliyofuata watemi walikatazwa kutoza hongo. Kisha ikaja reli. Ilianza Dar es Salaam katika mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo uliowachosha wapagazi wiki nyingi sasa ulifika Dodoma kwa siku moja au mbili. Gari la moshi lilijichukulia maji yake katika matangi ya stesheni, halikumwomba mtemi ruhusa ya kunywa, wala halikumwachia nguo.

Reli ndiyo iliyoileta bizari ikae. Kando ya stesheni vilikua vijiji, na kando ya vijiji maduka. Wenye maduka walikuwa wengi wao Wahindi, na wengine Waarabu wadogo walioitwa Wamanga. Namna ya biashara yao ilikuwa imeanza zamani kidogo. Bagamoyo alikuwako Sewa Haji, mfanyabiashara mkubwa aliyeitengeneza mizigo ya misafara. Alidina Visram, aliyezaliwa Kutch katika India, alianza kazi kwake, kisha akafungua maduka yake mwenyewe katika njia za bara mpaka Uganda, hata akafa katika mwaka 1916. Matajiri wa namna hii walikopesha wenye maduka wadogo, na wadogo walikaa vijijini wakiuza chumvi, nguo, mafuta ya taa, sukari na bizari kwa vipimo vidogo kabisa. Bizari ilifaa sana kwa duka la namna hiyo. Haihitaji nafasi kubwa, haikimbilii kuoza, na mtu maskini aweza kununua kidogo kilichofungwa katika kipande cha karatasi.

Walioanza kuinunua ni wale walioishi kwa mshahara: makarani, askari, wafanya kazi wa reli, na sisi walimu pia. Wengi wao walitoka pwani au walikuwa wamesoma pwani, nao waliizoea. Halafu wenyeji wakaionja katika arusi na sikukuu, na hatimaye mchuzi usio na bizari ukaanza kuonekana kuwa ni chakula cha mtu asiyepata. Hapo mambo yalikuwa yamegeuka kabisa. Kisima na mtama havikumpa tena mwenyeji neno la kusema katika bei. Siku za misafara njia ilimlipa Mgogo. Siku za reli Mgogo alianza kuilipa njia.

Kwa nini twasema aliilipa njia? Tufanye mfano mmoja wa hesabu, nao ni mfano tu. Tuseme mbegu za bizari zimenunuliwa shambani kwa shilingi 100. Kabla ya kufika kijijini zitapita katika mikono sita: mnunuzi wa shambani, tajiri wa bandari ile, mwenye kuzileta ng'ambo ya bahari, msagaji, mwuzaji wa jumla mjini, na mwenye duka. Kila mmoja ana gharama zake, ya meli, ya ushuru, ya reli, ya ghala, naye huongeza sehemu moja ya tano tu juu ya bei aliyonunulia. Wa kwanza atauza kwa 120, wa pili kwa 144, wa tatu kwa 173, wa nne kwa 207, wa tano kwa 249, na wa sita kwa karibu shilingi 299. Hapana hata mmoja aliyedhulumu, lakini mwisho wa njia bei imekuwa mara tatu. Soko likiwa dogo, jambo huzidi. Mwenye duka wa kijijini hawezi kuagiza magunia 50. Huagiza kidogo, na kitu kidogo huchukuliwa kwa gharama kubwa. Tena hukaa nacho muda mrefu kabla ya kukimaliza. Mbegu nzima hustahimili kukaa, lakini unga haustahimili, kwa sababu harufu ya bizari ni mafuta yaliyofungwa ndani ya mbegu, na mbegu ikisagwa mafuta hayo huanza kutoka mara moja. Kwa hiyo mtu wa mwisho wa njia hulipa bei kubwa kuliko wote, na apatacho kina harufu ndogo kuliko wote.

Hayo ndiyo mambo ya siku za amani. Siku za shida zilifundisha zaidi. Vita vikubwa vilianza katika mwaka 1914, na bandari za Wajerumani zikafungwa na manowari za Waingereza. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli. Kwanza jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, yalitwaa nafaka, ng'ombe na wanaume wa kuchukua mizigo. Mvua zikakosekana, na homa ya mafua ya mwaka 1918 ikafuata. Njaa iliyokuja wazee waliiita Mtunya, na jina hilo halijasahauliwa. Inakadiriwa ya kuwa kati ya watu 150,000 wa Ugogo, kama 30,000 walikufa. Siku zile hakuna aliyeulizia bizari. Wenye unga wa mlenda uliobaki, wenye ubuyu, na wenye kujua mizizi ya porini ndio waliopata cha kutia tumboni, na hata hivyo vitu vile havikuwatosha watu wote. Hatusemi ya kuwa ilende ingaliwaokoa wote, maana nafaka iliyotwaliwa hairudishwi na majani. Twasema tu ya kuwa siku hiyo kila mtu aliona tofauti ya chakula na pambo la chakula.

Shida ya pili haikuwa ya njaa kuu, bali ya maduka matupu, nayo wazee walio hai wanaikumbuka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya jumla iliwekwa mikononi mwa mashirika ya serikali, na katika mwaka 1976 maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yafunguliwe ya ushirika na ya vijiji. Bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda duniani, kisha vikaja vita na Idi Amin wa Uganda katika 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaisha. Katika miaka iliyofuata hata sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vilikuwa vya kutafutwa kwa foleni au kwa magendo. Serikali iliwasaka walanguzi katika mwaka 1983, na katika mwaka 1984 ikaruhusu wafanyabiashara kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na maduka yakaanza kujaa tena. Kwa nchi nzima hiyo ilikuwa shida moja, lakini mji ulio mwisho wa njia ndefu ndio uonao rafu tupu upesi kuliko bandari.

Liko na jambo la tatu, ambalo si la vita wala la uchumi, nalo latokea hata njia ikiwa wazi. Unga waweza kusema uongo. Mbegu ya pilipili manga yaonekana kuwa ni pilipili manga. Aliyeitia mawe au mbegu za mpapai aweza kukamatwa kwa macho. Lakini kitu kikisagwa, macho hayana kazi tena. Katika mwaka 2005, nchi ya Uingereza, yenye wakaguzi wengi na maabara nyingi, ililazimika kuondoa madukani aina zaidi ya 400 za vyakula, kwa sababu unga wa pilipili uliotiwa humo ulikuwa na rangi iitwayo Sudan I, ambayo haifai kuliwa. Katika Bangladesh, watafiti walieleza katika mwaka 2019 ya kuwa baadhi ya wasagaji walitia katika manjano rangi yenye madini ya risasi, ili iwe na umanjano wa kupendeza, na risasi hudhuru akili za watoto. Serikali ya huko ilipowaonya watu na kuwaadhibu wauzaji, jambo hilo lilipungua sana katika muda mfupi. Nasi tusijidhani kuwa tuko mbali na hatari za namna hii. Katika mwaka 2016, hapa katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine kufa kwa sumu kuvu iliyokuwa katika mahindi yasiyokaushwa wala kuhifadhiwa vizuri. Kuvu huyo huyo aweza kuota katika pilipili iliyokauka nusu, na ikiisha kusagwa hakuna aonaye.

Twasema haya si kwa kuwachukia wenye maduka, kwani wengi ni watu waaminifu, na bila wao tusingepata hata chumvi siku za mvua. Twasema ili mnunuzi ajue nguvu yake iko wapi. Zamani nguvu ya mwenyeji wa Ugogo ilikuwa katika kisima. Leo kisima hakizuii msafara. Lakini iko nguvu nyingine, nayo ni kujua kitu ununuacho na kujua kitu ulicho nacho.

Kwa habari ya kile tununuacho, njia ni rahisi, nayo bibi zetu waliijua. Nunua mbegu nzima, au gamba la mdalasini, au kipande cha manjano kilichokaushwa. Kitazame, kivunje, kinuse. Kisha kitwange mwenyewe kinuni kadiri ya matumizi ya siku chache. Mbegu isiyo na harufu ikivunjwa ni ya zamani, na iliyo na doa la ukungu haifai hata kama ni ya bei ya chini. Tena uliza ilikotoka. Si bizari zote zatoka ng'ambo. Karafuu zatoka Pemba na Unguja. Iliki, mdalasini na pilipili manga zalimwa katika milima ya Usambara, upande wa Muheza na Amani, na katika milima ya Uluguru, upande wa Matombo. Mbegu iliyotoka Matombo imepita mikono michache kuliko ile iliyotoka ng'ambo, na huenda ikawa mpya zaidi.

Kwa habari ya kile tulicho nacho, wasomaji na watazame habari ya ubuyu. Kwa muda mrefu watu wa hapa waliuona kuwa kitu cha watoto wachungao mbuzi. Watu wa pwani huununua ubuyu wa bara, huutia sukari, rangi na iliki, kisha huuza kwa faida, na mwingine hurudi kuuzwa hapa hapa Dodoma. Katika mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake, na leo watu wa huko huutafuta kwa ajili ya afya. Ni tunda lile lile la mti ule ule. Bali aliyelijua thamani yake na kulifunga vizuri ndiye aliyeweka bei. Vivyo hivyo ilende: Wagogo waishio katika miji mingine huagiza waletewe, maana hawaupati mlenda wa ladha ile mahali pengine. Ukianikwa kivulini penye upepo, si katika jua kali, hubaki na rangi yake na kushika zaidi vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto. Ukifungwa katika chombo kikavu kisichopitisha hewa, huvuka kiangazi bila kuharibika.

Tulisema tutalirudia neno la Unguja na Pemba. Visiwa vile vilijaa kitu ambacho dunia yote ilikitaka, lakini watu wake waliutazamia mchele kwa meli. Ugogo hakukuwa na kitu ambacho dunia ilikitaka, ila maji na mtama vya kumvusha mpita njia, na kwa vitu hivyo uliheshimiwa. Hivyo, kuwa na bizari nyingi si dalili ya usalama wa nchi, wala kutokuwa nayo si dalili ya umaskini. Usalama umo katika kuwa na akiba ya kile usichoweza kuishi bila hicho, na kununua vingine kwa macho yaliyofunguka.

Dodoma ya leo si kile kijiji cha stesheni cha mwaka 1910. Katika mwaka 1973 iliamuliwa kuwa mji mkuu wa nchi, serikali ilianza kuhamia kwa bidii tangu 2016, na katika mwaka 2018 ukafanywa jiji. Katika mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua watu kutoka Dar es Salaam, umbali wa kilometa 450 hivi, kwa saa chache tu. Walaji ni wengi, bizari ni nyingi, na pilau hupikwa katika nyumba ambazo zamani hazikuijua. Hatuna neno baya juu ya hilo. Chakula kizuri ni furaha ya nyumba, na mgeni apewe mchuzi wenye harufu. Lakini mama apikaye pilau siku ya sikukuu na asikiache kile chungu cha ilende kilichofunikwa pembeni, na binti yake afundishwe majani yachumwayo, siku za kuyaanika, na jinsi ya kuyajua yaliyokauka sawasawa kabla ya kuyatia kinuni. Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao.